Chura Wako Hataki Kula, au Hawezi?

Mtu akiniletea chura aliyeacha kula, kwa kawaida huanza na hesabu ya siku. Siku nitaziuliza, lakini kwanza nina swali jingine: ukimwekea mdudu, chura anafanya nini? Hapo wengi hukwama. Waliweka mdudu jioni, wakalala, na kulipokucha wakamkuta mdudu bado anatembea. Kilichotokea katikati hawakukiona.

Nami hicho cha katikati ndicho ninachokitaka. Vyura wengi wanaofugwa huwinda usiku, kwa hiyo subiri giza liingie, punguza taa, mwachie nyenje mmoja kisha tulia mbele ya tangi. Kuna chura ambaye nyenje atapita mbele ya pua yake, hata atampanda mgongoni, na yeye hageuzi jicho. Kuna mwingine anajigeuza kumfuata, anainua kifua, vidole vya miguu ya nyuma vinaanza kuchezacheza, anaruka, anakosa. Anajaribu tena, ulimi unamgusa mdudu, na mdudu anajiendea zake. Mwishowe anachoka na kugeukia ukutani. Kwa mwenye chura, wote wawili "hawagusi chakula". Kwangu mmoja hataki na mwingine hawezi, na tiba zao hazifanani hata kidogo.

Yupo na wa tatu, ambaye hana neno lolote. Chura aliyekomaa hahitaji kula kila siku. Wale wanene wanaokaa tu wakingoja windo lijilete, kama Ceratophrys wa Amerika Kusini, hutosheka na mlo mmoja au miwili kwa wiki, na wengi ninaowaona wamelishwa kupita kiasi. Aliyehamishiwa makao mapya anaweza kugoma wiki moja, hata mbili. Dume akiwa katika msimu wa kuita majike hula kidogo. Anayevua ngozi naye huacha kula kwa muda: anapinda mgongo, anapanua kinywa kama anayepiga miayo, anajisugua kwa miguu, kisha anaivuta ngozi ya zamani mdomoni na kuimeza. Napigiwa simu nyingi za hofu kwa sababu ya miayo hiyo. Mwache, akimaliza atakula.

Turudi kwa asiyetaka. Hapa mtuhumiwa wangu wa kwanza ni joto. Chura hatengenezi joto la mwili wake kama sisi, hulipokea kutoka pale alipokaa. Pakiwa baridi, vimeng'enya vya tumboni hulegea, utumbo hupunguza mwendo, na kinga ya mwili nayo hushuka. Mdudu aliyemezwa wakati huo anaweza kuoza tumboni kabla hajasagika. Kwa hiyo chura wa baridi anapokataa chakula anajilinda, na anayemlazimisha anamwongezea ugonjwa.

Joto linalofaa hutegemea aina, na hili ndilo jambo ambalo wafugaji huambiana vibaya kuliko yote. Chura wa mitini wa Australia, Litoria caerulea, anataka takribani nyuzi 24 hadi 29 za Selsiasi mchana, na pungufu kidogo usiku. Ceratophrys hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 28. Lakini Xenopus laevis, yule wa majini mwenye kucha, anaridhika na maji ya nyuzi 16 hadi 22. Mweke kwenye joto la mwenzake wa mitini naye ataacha kula kwa kuungua polepole. Joto likizidi, hamu hukatika vilevile. Kipimajoto kiweke pale chura anapolala. Mara nyingi nakikuta kimebandikwa kwenye kioo chini ya taa, kinasoma nyuzi 27, na chura amejificha kwenye kona yenye nyuzi 20. Unyevu nao upime hapohapo.

Mtuhumiwa wa pili ni maji. Chura hanywi kwa mdomo. Anakalia maji, nayo huingia kupitia ngozi nyembamba ya tumbo la chini na mapaja, na chochote kilichomo majini humwingia pamoja nayo. Maji ya bomba yenye klorini yanaweza kuachwa wazi kwa saa 24 ili klorini iruke, ila siku hizi mitambo mingi hutumia kloramini, nayo hairuki kwa kusubiri. Itahitaji dawa ya kuiondoa, ileile wanayotumia wafuga samaki. Halafu kuna amonia inayotokana na mkojo na kinyesi cha chura mwenyewe. Haionekani kwa macho. Bakuli linaweza kung'aa na bado likawa linamchoma. Badilisha maji kila siku mpaka ale, wala usioshe bakuli kwa sabuni.

Nauliza pia kama kuna aliyepuliza dawa ya mbu au ya mende, aliyepaka rangi, au aliyefukiza udi katika chumba kile. Watu hushangaa, wakiona tangi lina kifuniko. Lakini kifuniko kina matundu, na ngozi ya chura hupitisha hewa. Wadudu waliokamatwa ndani ya nyumba inayopulizwa dawa nao ni sumu inayotembea. Na kimulimuli asimwekee kabisa mtu yeyote chura wake, maana baadhi ya aina zao zina sumu ya moyo.

Joto na maji vikiwa sawa na chura bado hataki, ndipo ninapoanza kufikiria ugonjwa. Kuziba kwa utumbo ni jambo la kawaida kwa wanaofugwa juu ya changarawe ndogo au vipande vya magome: anaruka kumdaka mdudu, anameza na tandiko. Dalili yake ni tumbo lililojaa upande mmoja, hana choo, na hamu imekatika. Wakati mwingine josho la maji ya vuguvugu yenye kina kifupi, yasiyofika puani, huchochea utumbo. Asipopata choo baada ya siku moja au mbili, eksirei. Tumbo usilikamue.

Ninaouogopa zaidi ni ugonjwa wa ngozi unaoletwa na fangasi aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, aliyepewa jina mwaka 1999 na ambaye amefagia vyura wa porini katika mabara kadhaa. Hushambulia tabaka la juu la ngozi, na kwa kuwa ngozi ndiyo inayosawazisha chumvi za mwili wa chura, sodiamu na potasiamu katika damu hushuka mpaka moyo unasimama. Kukataa chakula huwa dalili ya mapema. Zinazofuata ni kuvua ngozi mara kwa mara kwa vipandevipande, kukaa miguu ya nyuma ikiwa imetawanyika badala ya kukunjwa chini ya mwili, na kukaa nje mchana kweupe chura ambaye kawaida hujificha. Kuna jaribio dogo ninalolifanya mezani: namlaza chali kwenye kitambaa chenye unyevu. Mzima hujigeuza papo hapo, kwa hasira kidogo. Akibaki chali akinitazama, sisubiri majibu ya maabara ndipo nianze kazi. Kipimo huchukuliwa kwa kijiti cha pamba kinachopitishwa tumboni, mapajani na kwenye vidole. Tiba ipo, josho la dawa ya fangasi iliyopunguzwa sana nguvu, lakini dozi yake iandikwe na daktari kwa sababu ikizidi huua. Maji ya tangi la mgonjwa huyo usiyamwage bustanini wala mtaroni bila kuyatia dawa ya kuua vijidudu. Vyura wa nje hawana kosa.

Ukiona wekundu mapajani na tumboni, kama damu imevujia chini ya ngozi, acha kusoma. Hiyo inaweza kuwa bakteria iliyoingia kwenye damu au virusi, na inataka daktari leo.

Sasa yule anayetaka na hawezi. Huyu ndiye anayenivutia zaidi, na ndiye anayeonewa zaidi, kwa sababu kila mtu hudhani amesusa.

Ulimi wa chura umeshikizwa mbele ya kinywa, si nyuma kama wetu, na hutoka na kurudi ndani ya chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kinachomnasa mdudu ni ute. Tezi zinazotoa ute huo zinahitaji vitamini A, na ikipungua kwa muda mrefu, seli zake hubadilika, zikawa kavu na ngumu, ute ukakatika. Ulimi bado unapiga, tena kwa shabaha, lakini haunati. Ukitazama kwa karibu utaona jambo hilo waziwazi: ncha inamgusa nyenje, nyenje anayumba, anabaki palepale. Kope zilizovimba ni dalili nyingine ya upungufu huohuo. Wafugaji wengi hunijibu kwamba nyenje wao wanalishwa karoti. Karoti ina betakarotini, ambayo vyura wengi hawana uwezo mzuri wa kuigeuza kuwa vitamini A. Soma kibandiko cha unga wa virutubisho unaowanyunyizia wadudu: kama kimeandikwa betakarotini peke yake, tafuta wenye retinoli, yaani vitamini A yenyewe. Unga uliofunguliwa zaidi ya miezi sita nautupa. Kwa chura ambaye ulimi umeshaacha kunata, dozi itoke kwa daktari, maana vitamini A ikizidi nayo ni sumu.

Taya ni habari nyingine. Nyenje ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na chura anayelishwa nyenje watupu bila unga wa kalsiamu na vitamini D3 huanza kuiba kalsiamu kwenye mifupa yake. Taya la chini hulainika na kupinda, kinywa hakifungi sawasawa, mdudu anadakwa kisha anachomoka. Baadaye misuli hutetemeka anaporuka. Hapa asiguswe kinywa kabisa na mtu asiye na uzoefu.

Macho nayo huhusika kuliko watu wanavyodhani. Chura hatambui chakula kisichosogea. Mdudu mfu aliyewekwa sahani si chakula machoni pake, isipokuwa ukimtikisa polepole kwa kibanio. Tena macho humsaidia kumeza: mtazame anapokula, utaona yanadidimia ndani ya kichwa, kwa sababu yanashuka na kusukuma windo kuelekea kooni. Jicho lenye ukungu mweupe, ambalo kwa vyura wa mitini waliozoeshwa panya na vyakula vya mafuta mara nyingi ni mafuta yaliyojikusanya kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, humharibia kulenga na hata kumeza. Xenopus ana sheria zake: hana ulimi, hunusa chakula majini na kukisukumia kinywani kwa mikono, hivyo kwake hadithi ya ute haihusiki.

Wakati unachunguza, mpime uzito. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha kwa chura mkubwa, ndani ya kopo lenye kitambaa kibichi. Mpime mara moja kwa wiki. Kumbuka kwamba chura huhifadhi maji kwenye kibofu, na akikukojolea mkononi uzito hushuka ghafla bila yeye kukonda, kwa hiyo fuata mwelekeo wa wiki kadhaa badala ya kushtushwa na namba moja. Akipoteza kama asilimia 10, au mifupa ya nyonga ikianza kuchomoza, muda wa kusubiri umekwisha. Chura mkubwa mwenye nyama anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike. Chura mchanga, au wale wadogo wa rangi wa jamii ya Dendrobatidae wanaokula kila siku, siku mbili tatu ni dharura.

Kumlisha kwa nguvu sikushauri nyumbani. Nimeona mataya yaliyovunjwa kwa mapenzi mema. Ukilazimika kumshika, vaa glavu zisizo na poda, zilizoloweshwa maji safi. Chumvi na mafuta ya mikono humuunguza. Ukimaliza nawa vizuri, kwani vyura hubeba salmonela, na watoto wadogo wasimshike. Wadudu asiowala watoe kabla ya asubuhi: nyenje mwenye njaa humtafuna ngozi chura aliyedhoofika.

Unapokwenda kwa daktari, chukua picha ya tangi zima, kopo la unga wa virutubisho, video ya chura akijaribu kula, na kinyesi kibichi kama kipo, kikiwa kwenye chombo chenye unyevu ili minyoo ionekane kwa hadubini. Minyoo michache ni kawaida, usiombe dawa kwa sababu tu imeonekana.

Na hamu ikirudi, usimfidie milo aliyokosa. Mlo wa kwanza uwe mdudu mmoja laini, kipande cha nyungunyungu kinafaa sana, kisichozidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Subiri apate choo, ndipo umpe wa pili.