Klauni wa kutembea hana meza

Wengi wetu tuliyaona mazingaombwe kwa mara ya kwanza shule ya msingi. Anakuja mtu na begi lake, mwalimu mkuu anampa ruhusa, mnachanga sarafu zenu, mnabanana darasani hadi madirishani, na yeye anasimama mbele kwenye ubao. Ile ni kazi ya jukwaani hata kama jukwaa lenyewe ni sakafu. Ninayoifanya mimi hapa Arusha ni nyingine: pua nyekundu, viatu vikubwa, na kuzunguka kati ya watu kwenye kipaimara, kwenye harusi, kwenye promosheni za madukani, kwenye vibanda vya Nane Nane pale Themi. Hakuna MC wa kukutambulisha. Watu wana sahani za pilau mkononi, wengine wako nyuma yako, na pembeni ya kiwiko chako kuna mtoto anayechungulia ndani ya mkono wa koti kutokea chini.

Mtindo huu si mgeni. Kule Port Said, Misri, wafanya mazingaombwe walioitwa gali-gali walikuwa wakipanda meli zinazopita Mfereji wa Suez na kuwachezea abiria palepale walipokaa, kwa vikombe, vipira na vifaranga hai vinavyotokea mfukoni mwa mtu. Mimi vifaranga nimevikataa. Kifaranga hakijui ratiba ya sherehe, na koti la mgeni rasmi si mahali pa kujisaidia.

Ukiwa huna meza, mifuko ndiyo ofisi. Kila kitu kina mfuko wake na hakihami, kwa sababu mkono hauna muda wa kutafuta, na ukianza kujipapasa watu wanaangalia unapojipapasa. Mfuko mmoja lazima ubaki mtupu kabisa, wa kutupia kile ambacho hakitakiwi kuonekana tena. Na mchezo wowote ukiisha, vitu viwe vimeshajipanga upya kabla hujafika kwenye kundi linalofuata. Mchezo unaohitaji kwenda chooni kujipanga ni mzuri kwa jukwaa, kwangu haufai. Hapa klauni ana bahati kuliko mfanya mazingaombwe wa suti. Suti ikiwa na mifuko minene kila mtu anaiona. Suruali yangu inatosha watu wawili na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Lakini kinachoamua nibebe nini si mifuko. Ni hofu za watu.

Vitabu vya fani hii vimejaa michezo ya noti na karata. Jaribu kupoteza noti ya mama anayeuza nyanya Soko la Kilombero uone. Hapo kuna watu wanaoamini chuma ulete kwa dhati, kwamba hela inaweza kunyonywa kwenye droo bila kuguswa, na wewe umekuja na pua nyekundu kuwaonyesha kwamba ni kweli. Karata nazo zimeharibiwa na wale jamaa wa karata tatu wa stendi na wapambe wao. Ukizichanganya tu, mwenye akili anashika pochi yake. Nchi yenyewe ina Sheria ya Uchawi ya tangu 1928. Sijaogopa sheria, naogopa minong'ono, kwa sababu mtu akishakushuku hacheki, na asipocheka mimi sina kazi. Basi sokoni natoa kamba na vipira vya sponji. Hakuna anayeroga kwa sponji.

Mchezo wa hela naufanya Moshi, kwenye sherehe za ndani ambako watu wanajuana, na hata huko ni sarafu ya kwangu mwenyewe. Mimi ni Mchaga wa Machame, kwa hiyo ruhusa ya kusema ninayo: ukipoteza shilingi mia mbili mbele ya Wachaga, hakuna kicheko mpaka irudi.

Kabla ya mchezo kuna salamu, na salamu ndiyo nusu ya kazi. Meza yenye wazee naanza na bibi. Nakunja magoti mpaka viatu vinapishana, navua kofia, ndani ya kofia kuna kofia nyingine, naivua nayo: "Shikamoo bibi." Akishasema marahaba huku anacheka, meza nzima imepewa ruhusa. Halafu namgeukia mtoto wa miaka minne au mitano aliyekaa karibu naye, napiga magoti mbele yake kwa heshima zote, "Shikamoo mzee." Watoto wengine wanabaki wameduwaa, wengine wanakurupuka na "Marahaba!" kwa sauti nzito. Hapo nimeshapata kicheko cha kwanza na bado sijatia mkono mfukoni. Wale wadogo zaidi, wa mwaka mmoja au miwili, siwasogelei. Uso wa rangi unawatisha, na mtoto akishalia mama yake hana tena habari na vipira vyako.

Sasa vipira. Natoa viwili vyekundu. Kimoja nampa mtoto afumbate, kingine nabaki nacho, nakipuliza kinapotea.

"Una vipira vingapi?"

"Kimoja."

"Una uhakika? Kaza mkono. Muulize bibi."

Bibi anasema kimoja. Mtoto anafumbua, vinaruka viwili. Namna inavyofanyika sisemi, ingawa anayependa kujua atajua, ni mchezo wa zamani na sponji hubanwa ikawa ndogo mno. Muhimu ni uso wangu wakati huo. Fundi wa suti hutabasamu, maana yeye ndiye mjanja. Mimi nashtuka kuliko wote. Narudi nyuma, najikwaa, nakagua mkono wa mtoto juu na chini, namuuliza bibi huyu mjukuu anasoma shule gani. Nikitabasamu kijanja, swali linalobaki mezani ni "amemfanya nini mtoto wetu?" Nikishtuka, mtoto ndiye fundi, mimi ndiye mjinga, na hakuna aliyefanyiwa kitu. Kwa hapa kwetu hiyo ndiyo tofauti kati ya kuitwa tena na kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Mwingereza Tommy Cooper alijulikana sana kwa hili. Alikuwa jitu la miraba minne lenye tarbushi kichwani, mtindo alioupata Cairo akiwa askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, na michezo yake ilikuwa ikiharibika moja baada ya nyingine mpaka watu wanashika mbavu. Ila alikuwa mfanya mazingaombwe hodari kweli. Kuharibu kwa kuchekesha kunataka mkono unaojua namna ya kutoharibu, na wanaoanza wengi hawataki kulisikia hilo.

Kitu kimoja cha huko nje nimekigeuza. Kuna fimbo inayokatika vipande ukimpa mtoto aishike, na kwao watoto huangua kicheko. Kwetu mtoto aliyepewa kitu na mtu mzima kikavunjika anatazama kwanza mama yuko wapi na mwiko uko wapi. Kwa hiyo inavunjikia mikononi mwangu, mara mbili, halafu mtoto anaishika inanyooka. Ananisaidia, na ananidharau kidogo, ndivyo ninavyotaka.

Julai na Agosti hapa ni baridi na vumbi. Ngozi ikikauka, sarafu haikai kiganjani, inateleza kama imepakwa unga. Glisirini kidogo saa moja kabla, siyo muda uleule, maana ukiwa na mafuta mabichi sponji inakamata kila uchafu wa Themi. Puto ndefu za kusokotea wanyama, zile za namba 260, zitunze kivulini, jua la saa saba linazipasua moja moja mpaka watoto wanadhani ni mchezo.

Kwenye sherehe za Kichaga angalia ndafu. Ikianza kuingia na ngoma zake, hata kama kipira kiko hewani, kirudishe mfukoni na ukae kando. Hakuna mazingaombwe yanayoshindana na mbuzi mzima aliyechomwa akaletwa na watu wanaocheza.

Na mtu akija kukutunza, noti ile usiifanyie mchezo wowote. Iweke mfuko wa juu wa shati, kila mtu akiiona, useme ahsante kwa sauti yako ya kawaida.