"Mwili wangu umezoea dawa": maswali kuhusu usugu wa bakteria

Nimemeza amoksilini mara nyingi mpaka mwili umeizoea. Nibadili ipi?
Mwili haujazoea chochote. Waliozoea ni bakteria. Kwa imani hii watu huzunguka maduka ya dawa, kutoka Igoma hadi Kirumba hapa Mwanza, wakibadili kapsuli, kisha wanafika hospitali siku ya kumi na homa na maumivu ya ubavu.

Bakteria wanazoeaje?
Mbali na kromosomu yake, yaani DNA yake kuu, bakteria anaweza kuwa na pete ndogo ya DNA iitwayo plasmidi. Pete hiyo inaweza kubeba jeni za kutengeneza vimeng'enya vinavyovunja amoksilini, vingine hata seftriaksoni, ile ya sindano. Mwenye pete hujiunga na jirani, humpa nakala na kubaki na yake. Jirani si lazima awe wa jamii yake: E. koli, bakteria mpole wa tumboni, humpa Klebsiela, bakteria wa jamii nyingine. Wajapani waliliona hilo miaka ya 1950 kwa vimelea vya kuhara damu.

Kapsuli nne tu za rangi mbili zina ubaya gani?
Zinaua bakteria dhaifu tumboni na kuwaachia nafasi wenye pete. Tena pete moja mara nyingi ina jeni kadhaa: ya septrini, ya amoksilini, ya jentamisini. Unameza septrini, unakuza usugu wa jentamisini ambayo hujawahi kuchomwa! Na kama ni mafua, hivyo ni virusi, kapsuli haiviui.

Mkojo ukiuma, nianze dawa, nipime nisipopona?
Hapana. Pima kabla ya kidonge cha kwanza. Dawa ikitangulia, bakteria wanaweza wasiote maabara, na daktari akabaki anabahatisha. Nawa, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye kikopo cha maabara (si kopo la siagi ya karanga, hata ukilichemsha), ufikishe ndani ya saa 2. Omba kuotesha, yaani bakteria wakuzwe maabara na kujaribiwa dawa; kijiti cha kuchovya hakisemi dawa ipi itafanya kazi.

Majibu ya kuotesha ni siku 2 hadi 3. Nisubiri?
Daktari anaweza kukuanzishia dawa na kuibadili majibu yakitoka. Ila homa yenye kutetemeka, kutapika, maumivu ya ubavu, mjamzito, mtoto mchanga asiyenyonya: fika hospitali siku hiyohiyo, hata kama unatoka kisiwani Ukerewe. Usiseme "nimalize kwanza dozi ya dukani". Hapana! Panda kivuko, na uje na pakiti za dawa zote ulizokwisha meza, pamoja na zile ulizopewa na jirani.