Mama alisema "huyu", familia ilisema "hiyo kitu"

Mimi ni kine, mtu wa mazoezi ya viungo, hapa Goma, kazi yangu ya kila siku ni watoto wenye shida ya miguu, mgongo, shingo isiyokaza. Kuna mama moja alikuja kwangu na picha ya ekografi ndani ya mkoba, mimba ya miezi saba, aliyempima alimwambia tu nyayo za mtoto zimegeuka ndani halafu akaita mtu mwengine aingie. Basi. Alipofika nyumbani maneno yakaanza, jirani akamwonyesha mtu wa dawa kwenye kartie ingine, mama mkwe akasema kwao hawajawahi kuzaa kilema, na wote walipoongea juu ya mimba walisema "hiyo kitu". Hiyo kitu itoke. Hiyo kitu italeta aibu. Akakaa mbele yangu na kuniuliza, "Docta, huyu mtoto ataishi maisha gani?"

Alisema huyu. Nilishika hilo neno maana mtu akishakuwa "huyu" huwezi tena kumpangia kutoka kama takataka. Mimi ni mtu wa kutetea uhai tangu tumboni, nasema wazi, na naona kazi yetu kubwa inaanzia pale pale, kati ya "huyu" na "hiyo kitu".

Nilimjibu kwa miguu kwanza sababu njo kazi yangu. Miguu ya kupinda inatokea karibu mtoto mmoja kati ya 1,000, na inanyooshwa. Njia yake ilitoka kwa docta Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Marekani: mtoto akizaliwa, ndani ya wiki za kwanza tunashika ule mguu polepole kwa vidole, tunausogeza kidogo, tunafunga plasta toka vidole mpaka pajani, wiki ijayo tunatoa tunasogeza tena tunafunga ingine, mara tano, sita, saba. Wengi wanahitaji pia kukatwa kidogo mshipa wa kisigino, jambo la dakika chache, halafu plasta ya mwisho wiki tatu. Kisha vinakuja vile viatu viwili vilivyofungwa kwenye chuma, masaa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku tu mpaka afikishe miaka minne ama mitano. Hapo njo familia zinachoka. Mtoto analia, baba anasema si mguu umeshanyooka, viatu vinawekwa juu ya kabati na mguu unarudi. Kama unasoma hii na viatu viko kabatini, vivalishe leo usiku.

Lakini sikutaka aondoke na jibu hilo peke yake. Maana tukisema azaliwe kwa sababu atapona, yule asiyepona tumemwambia nini? Asubuhi ile ile nilikuwa na watoto watatu wenye IMC, yaani mwili hautembei vizuri sababu ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa, hakuna plasta ya kunyoosha ubongo. Moja ana miaka tisa, haongei, lakini mama yake akichelewa kuingia anajua, macho yanatafuta mlango. Thamani yake haingojei apone. Na wengi wa hawa hawakuanza na ulemavu tumboni, ni uchungu uliochukua masaa mengi mno na mtoto akakosa hewa, ama manjano ya mtoto mchanga iliyoachwa mpaka ikapanda kwenye ubongo wakati taa ya bluu ingetosha. Kwa hiyo ukisema unatetea mtoto, tetea pia materniti yenye mkunga aliyesoma, na asidi foliki mikrogramu 400 kila siku kabla ya mimba, maana uti wa mgongo unajifunga kama siku ya 28 na mama wengi hawajajua hata kama wana mimba.

Nchi tajiri zinapima mapema, lakini Iceland karibu kila mama anayeambiwa kwamba mtoto ana trisomi 21 (wengine wanaita Down syndrome, mtoto ana kromosomu moja ya ziada) anatoa mimba. Jérôme Lejeune, docta Mfaransa aliyeitangaza ile kromosomu ya 47 mwaka 1959 pamoja na wenzake Marthe Gautier na Raymond Turpin (na Gautier njo alishika kazi ya laboratwari, haifai kumsahau), aliona uvumbuzi uliotakiwa kuwatibia wagonjwa wake unatumika kuwazuia wasizaliwe, akapinga mpaka alipokufa 1994. Nafikiri juu yake kila mara mashine mpya inapofika kwetu. Mashine si mbaya. Ubaya ni kuambiwa jina la ugonjwa bila kuambiwa kitu kingine chochote.

Wanaotaka mimba itoke wanasema tunamhurumia mtoto, atateseka. Nawauliza anateseka na nini hasa. Nenda pale Petite Barrière, mpaka wetu na Rwanda, uangalie wale wanaovusha mizigo kwenda na kutoka Gisenyi na trisikli zao, polio ilichukua miguu lakini wanasomesha watoto. Mama moja kati yao aliniambia kilichomuumiza sana si polio, ni siku alienda kupima mimba akaulizwa mbele ya watu "na vile uko, nani tena alikupatia mimba?" Alikaa bila kurudi mpaka siku ya kuzaa. Mimba yake pia ilihesabika kuwa kosa, unaelewa? Mawe ya volkano yanavunja gurudumu, shule iko na ngazi tano na hakuna njia ya trisikli, mdomo wa muuguzi unavunja moyo. Hayo yote tunaweza kuyatengeneza.

Na sheria iko. Katiba ya Kongo ya 2006, kipengele cha 16, inasema mtu ni mtakatifu na ana haki ya kuishi, cha 49 kinataka wenye ulemavu wapate ulinzi wao maalum, halafu ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki zao. Ndugu zangu wa kutetea uhai, tunaipigia kelele mimba, ni vizuri, lakini yule mama akishazaa nani anamlipia pikipiki kila wiki aje kubadilisha plasta? Parokia moja tu ikichangia usafiri wa watoto wawili, ningejua cha kumjibu mama mwengine akija na picha yake.

Yule wa ekografi alizaa mtoto wa kike. Mama mkwe njo anamleta sasa, mgongoni, ndani ya kitenge, na akiingia anauliza "huyu leo anabakiza ngapi?" Jumatatu tunafunga ya nne.