Vinasaba vya malaria: maswali yanayoulizwa sana huku Moshi na Arusha

Watu wakisikia damu ya mgonjwa wa malaria inachukuliwa ili visomwe vinasaba vya vimelea, halafu matokeo yanawekwa kwenye kanzidata ambayo nchi nyingine nazo zinaisoma, wanashtuka. Haya ndo maswali yanayorudi kila mara.

Wanataka DNA yangu?

Hapana, wanamtaka mdudu aliye kwenye damu yako. Unatobolewa kidole kama kawaida, matone mawili matatu yanadondoshewa kwenye karatasi ya chujio, inaachwa ikauke, inafungiwa kwenye kifuko chenye vile vipunje vya kunyonya unyevu, inasafiri hivyo hivyo bila friji. Ni kweli DNA yako nayo imo humo, nisikudanganye, ila ya binadamu inachujwa kwenye kompyuta kabla data haijatolewa. Kinachobaki ni namba ya sampuli, sehemu ilikotoka na muda ilipochukuliwa, jina lako halimo. Na unaombwa ridhaa kwanza, ukikataa dawa unapewa vilevile.

Kwani kimelea kina nini cha kusoma?

Kina mengi. Plasmodium falciparum, ambayo ndo malaria yetu kubwa, ina kromosomu 14 na jeni zaidi ya 5,000, ilisomwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Kinachotafutwa zaidi ni alama za usugu wa dawa. Wenye umri wanakumbuka klorokwini ilivyotuwasha mwili halafu ikaacha kuponya, 2001 tukahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikachoka, 2006 ikaja sera ya dawa mseto, ALu (artemether na lumefantrine pamoja). Enzi zile mpaka ugundue dawa imechoka ni baada ya wagonjwa wengi kutopona na watoto kufa, sasa hivi alama ya usugu unaweza kuiona kwenye vinasaba mapema kabla dawa haijashindwa kabisa.

Sasa si kila nchi ibaki na data yake?

Mbu na abiria wa basi hawajui mpaka jamani. Rwanda mwaka 2020 walitangaza kwamba wameona mabadiliko yanayoitwa R561H kwenye jeni ya kelch 13, ambayo yanafanya artemisinin, lile kundi la dawa lililomo kwenye ALu, ichelewe kusafisha vimelea, yaani siku ya tatu ya dozi bado mtu anakutwa navyo. Baadaye utafiti unaoongozwa na NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ukayakuta hayo hayo Kagera, hasa upande wa Karagwe, pale pale mpakani. Rwanda wangekaa kimya huku tungekuwa tunatafuta gizani, hata hatujui tuangalie jeni ipi wala tuanzie mkoa gani.

Mbona Moshi na Arusha malaria ni kidogo, inatuhusu nini?

Hapa ndo watu wengi wanakosea. Kidogo ndiyo, lakini haijaisha, nenda Kahe au mashamba ya mpunga ya Chekereni au Mto wa Mbu uulize. Halafu Desemba nusu ya nchi inapanda huku mlimani kula sikukuu, watu wanatoka Geita, Mwanza, Bukoba, na wengine wanakuja na vimelea vyao. Mgonjwa akipatikana Januari lazima ujue kaambukizwa hapa hapa au kaja nayo, maana kama ni ya hapa unatafuta mazalia ya mbu, kama ni ya safari unafuata wasafiri. Ni kama lafudhi: mtu akiongea unajua huyu wa Rombo au wa Machame, lakini utajuaje kama hujawahi kuwasikia wote wawili? Ukiwa na sampuli za Moshi peke yake huna cha kulinganisha. Ila tusizidishe, vinasaba havikuonyeshi kijiji, vimelea vya Afrika vimechanganyika mno, mara nyingi unapata undugu kati ya maambukizi na sio anwani.

Kipimo cha haraka kimesema sina na nasikia baridi kali, ni hizo jeni?

Inawezekana ila usianzie huko. Kile kipimo kinatafuta protini ya kimelea inayoitwa HRP2, na kuna vimelea vimepoteza jeni yake, viligunduliwa Peru, taarifa ikatoka 2010, na Eritrea ilibidi mwaka 2016 wabadilishe vipimo. Wewe rudi hospitali wapime kwa hadubini, na waangalie magonjwa mengine ya homa.

Wazungu si wanatuibia?

Wasiwasi huo una msingi, miaka ya nyuma sampuli zilikuwa zinapanda ndege na hazirudi hata na jibu. Siku hizi kuna kibali cha NIMR na mkataba wa nani anatumia nini, na hapa Moshi penyewe KCRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kilimanjaro, wanasoma vinasaba. Mtandao wa watafiti wa malaria wa nchi nyingi, MalariaGEN, ulitoa mwaka 2023 data ya sampuli zaidi ya 20,000 kutoka nchi 33, mtafiti wa Moshi anaifungua bure sawa na wa London. Cha kubana ni kwamba mafunzo na mashine vibaki huku, hapo mimi sina mzaha.

Basi nisinywe tena ALu?

Kunywa! Bado inatibu. Dozi ni sita kwa siku tatu, ya pili ni baada ya masaa 8 na sio mpaka kesho, na unywe na maziwa au chakula chenye mafuta maana bila hivyo mwili hauinyonyi vizuri.