Kumshawishi mtu aache dini yake si kumdhulumu

Watu wengi huamini kwamba ukimgusia mtu imani yake ili aiache, tayari umemvunjia haki. Hata wasioamini Mungu huambiwa hivyo: waacheni watu na dini zao. Ni kauli ya heshima, lakini imechanganya mambo mawili.

Mwaka 1986, katika mji wa Sitia kisiwani Krete, mzee mmoja Shahidi wa Yehova, Minos Kokkinakis, alibisha hodi na mkewe kwa mwanamke Mwothodoksi. Walikaribishwa ndani, wakazungumza kama robo saa hivi. Mume wa mwenyeji, mwimbishaji kanisani, akaita polisi. Ugiriki ilikuwa na sheria ya miaka ya 1930 ya kuadhibu kugeuza watu dini, na mzee alikuwa ameshakamatwa zaidi ya mara 60. Akahukumiwa kifungo.

Mwaka 1993 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa ushindi. Haikusema kila ushawishi ni halali. Ilitenganisha kushuhudia imani na kumghilibu mtu: kumpa fedha au msaada ili ajiunge, kumbana akiwa na shida, au hata kumtumia nguvu. Ugiriki haikuonyesha kwamba mzee yule alifanya lolote kati ya hayo.

Kipimo hicho kinamhusu pia anayemvuta muumini atoke kwenye dini kabisa. Hoja mezani, sawa. Mwenzako anaweza kukujibu, au kukuaga. Kumng'ang'ania mgonjwa kitandani, au kumtishia mfanyakazi wako kibarua chake, hayo ni mengine.