Suruali ya kukulia: tunayoyaamini kuhusu mtoto anayechelewa kurefuka

Mwanangu alipoingia kidato cha kwanza tulimnunulia suruali ya kukulia, mama yake akaikunja chini mara mbili na kuishona. Amefika kidato cha pili, pindo zote mbili bado zipo. Wenzake suruali zimewapanda hadi juu ya vifundo vya miguu, yeye paredi bado anasimama mstari wa mbele. Ushauri ukaanza kumiminika, kila jirani na wake. Niliubeba wote hadi kwa daktari wa watoto.

"Dada yake mdogo kampita, huyu kijana ana tatizo"

Hili ndilo lililoniuma zaidi, na ndilo lenye jibu jepesi zaidi. Wasichana huanza kupevuka kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Tena mpangilio wenyewe ni tofauti. Msichana hurefuka mapema: matiti yakianza kuchomoza, kimo nacho kinakimbia, na akishavunja ungo mbio zimeshapungua, ingawa wengi huongeza sentimita 5 hadi 7 baada ya hapo. Mvulana huanza na korodani kukua, nywele zinafuata, mbio za kimo zinakuja baadaye. Ndiyo maana darasa la sita na la saba wasichana huwatazama wavulana utosini, na wala hakuna mgonjwa hapo. Mvulana anaendelea kukua kidogokidogo, kama sentimita 5 kwa mwaka, wakati msichana ameshachomoka. Zamu yake ikifika anaweza kuongeza 9 au 10 ndani ya mwaka mmoja.

"Miaka 14 na bado hajachipuka? Basi tena"

Daktari hakuanza na mtoto, alianza na mimi. "Wewe baba ulirefuka lini?" Nikakumbuka picha yangu ya kumaliza kidato cha nne: nimekaa chini mbele, pamoja na wafupi wenzangu. Nilirefuka baada ya shule. Kumbe saa ya mwili inayochelewa hurithiwa kama pua.

Mwanangu akapigwa eksrei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, ili kusoma umri wa mifupa. Mifupa yake ikasoma kama ya mtoto wa miaka 12. Maana yake gegedu kwenye ncha za mifupa bado liko wazi, na hapo ndipo urefu unapoongezeka. Likishageuka mfupa kamili, hakuna cha kumrefusha mtu. Na korodani zilikuwa zimeanza kukua, kwa hiyo balehe ilikuwa imeingia kimyakimya, sisi tunatazama suruali.

Kuna hesabu nyingine alinipa, kila mzazi anaweza kuipiga jikoni. Jumlisha kimo cha baba na cha mama. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13. Gawanya kwa 2. Baba wa sentimita 168 na mama wa 156 watarajie mvulana wa 168 na nusu, au msichana wa 155 na nusu, akizidi au kupungua kwa sentimita 8 hivi. Wazazi wafupi mkimpata mtoto mfupi mwenye afya, mmepata mtoto wenu.

Upande wa pili hatuuoni kabisa. Mtoto wa kike anayeota matiti kabla ya miaka 8, au wa kiume anayeanza kubalehe kabla ya 9, tunamsifu kwa ukubwa. Huyo ndiye wa kupelekwa hospitali haraka, kwa sababu mifupa yake inaweza kufunga mapema akabaki mfupi kuliko wote aliokuwa akiwapita.

Ndoo, kurukwa na jando

Ndoo ya maji kichwani haifungi mifupa. Kurukwa miguu ukiwa umekaa hakudumazi, hata usiporukwa tena kurudi. Punyeto haina uhusiano wowote na kimo. Na wale wanaosema mtoto huchipuka akitoka jandoni, wanasahau kwamba wengi hutahiriwa karibu na umri ambao wangechipuka tu.

Kinachodumaza kweli huanza mapema zaidi, tumboni na miaka miwili ya kwanza. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, 18. Kijana aliyedumaa hivyo utotoni, mayai, dagaa na maharage vitamsaidia, lakini si rahisi kufidia yote yaliyopotea.

"Kuna unga wa kurefusha"

Niliuziwa kopo moja, nakiri. Lilimletea hamu ya kula, basi. Muuzaji alinitajia Messi. Ni kweli Messi aliugua upungufu wa homoni ya ukuaji na akatibiwa kwa sindano tangu utotoni, kila usiku, kwa miaka. Lakini zile zilikuwa sindano za ugonjwa uliopimwa na madaktari. Haukuwa unga wa kukoroga kwenye uji.

"Mwacheni tu, atakua"

Hapa majirani wapole nao wanakosea. Si kila kuchelewa ni kwa kurithi. Selimundu huchelewesha balehe, vivyo hivyo VVU vya kuzaliwa navyo, ugonjwa wa figo, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na vidonge vya steroidi vya muda mrefu (usimwachishe mwenyewe, muulize daktari). Msichana mfupi ambaye balehe haianzi huenda ana hali ya Turner, ya kuzaliwa nayo. Msichana aliyetimiza miaka 13 bila dalili ya matiti, au 15 bila hedhi, na mvulana wa 14 ambaye korodani hazijaanza kukua, waonwe. Pia anayeongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka, au anayeumwa kichwa na kuona ukungu, au anayekunywa maji na kukojoa kupita kiasi.

Lakini hizo sentimita utazijuaje? Kadi ya kliniki inaishia miaka 5, kisha hakuna anayempima tena mpaka apelekwe fundi kushonewa sare. Daktari aliuliza mwanangu alikuwa na kimo gani mwaka jana; tukatazamana, mimi na mama yake.

Sasa tunampimia kwenye fremu ya mlango kila baada ya miezi 6: asubuhi, kwa sababu jioni mtu hupungua karibu sentimita nzima, bila viatu, visigino vimegusa ukuta, kitabu kigumu kimelala utosini, penseli chini yake. Januari 147. Julai 151. Wiki iliyopita mama yake alitafuta wembe akafumua pindo moja.