Ukiacha Kazi, Hisa Zako Zinaenda Wapi?

Dada mmoja alikuja ofisini kwangu Upper Hill, Nairobi, na cheti chake cha hisa ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa amejiuzulu baada ya miaka sita, na kampuni ilimwandikia auze hisa zake zote kwa bei aliyozinunulia. "Wakili, si hizi ni mali yangu?"

Dhana: Hisa zikishakuwa zangu, hakuna wa kunilazimisha kuziuza.

Ni mali yako kweli, lakini ulizipokea na masharti yake. Kwa Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015, katiba ya kampuni, yaani kanuni zake za ndani, huwafunga wanahisa wote, hata ambaye hajawahi kuifungua. Tangu 1901, katika kesi ya Borland's Trustee dhidi ya Steel Brothers, mahakama ya Uingereza ilikubali kifungu kinachomlazimu mwanahisa aliyefilisika kuuza hisa kwa bei iliyopangwa.

Dhana: Bosi aliniahidi nitabaki nazo, kwa hivyo katiba itasomwa hivyo.

Hapa ndipo watu wanaumia, na inanisikitisha kila mara. Katiba husajiliwa, na yeyote anaweza kuisoma. Atakayenunua hisa kesho hakuwepo mlipokuwa mkinywa chai na bosi. Ndiyo maana mwaka 1992, katika kesi ya Bratton Seymour, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa kuongeza kwenye katiba sharti lililotokana na mazingira ya nje ya waraka. Ahadi ya bosi idai kwa njia nyingine ukiweza, ila maana ya kifungu haitaibadilisha. Iandikishe mapema kwenye mkataba wa wanahisa.

Dhana: "Kuacha kazi" inajulikana, haina haja ya kufafanuliwa.

Tulisoma katiba ya dada huyu neno kwa neno. Kifungu kilimgusa "anayekoma kuwa mwajiriwa wa Kampuni", na bodi ilipewa siku 90 tangu siku hiyo kumtumia notisi ya kuuza. Nikarudi ukurasa wa kwanza, penye ufafanuzi: "Kampuni" ni kampuni mama peke yake. Nikamuuliza mshahara wake ulikuwa ukitoka wapi. Akatoa payslip. Kumbe miaka miwili kabla ya kujiuzulu alikuwa amehamishiwa kampuni tanzu, yaani kampuni nyingine iliyo chini ya kampuni mama, kwa mkataba mpya! Kwa maneno yao wenyewe, alikoma siku ile ya uhamisho, na siku 90 zilipita zamani.

Dhana: "Bei ya haki" ni bei ya sokoni.

Inategemea kifungu. Kikisema mkaguzi wa hesabu ndiye atakayeikadiria, kuipinga ni kazi ngumu, kama kesi ya Dean dhidi ya Prince ya 1954 ilivyoonyesha. Pia angalia kama hisa chache zinapunguziwa thamani kwa sababu hazina nguvu ya kura.

Na ndiyo, katiba hubadilishwa kwa kura za asilimia 75, kwa hivyo soma iliyopo leo, si nakala ya mwaka ulioajiriwa.

Barua yetu ya kuijibu kampuni ya dada huyu ilikuwa ya ukurasa mmoja: ufafanuzi wa "Kampuni", tarehe ya uhamisho, hesabu ya siku. Cheti alirudi nacho nyumbani, kwenye bahasha ileile.